Ufagio wa Duane

Tangu kituo cha umeme cha Harlan Bend kiongezewe nguvu, jengo la mvuke halikutulia. Wakubwa walibadilisha pampu, wakabadilisha mapanga yanayozungushwa na mvuke, wakapandisha umeme kwa sehemu moja ya sita. Kiwango hicho kipya wakakiita asilimia mia, kana kwamba ile mia ya zamani haikuwahi kuwepo. Vibomba vidogo waliviacha vilevile. Binadamu tuna ugonjwa huo: tunamshonea bwana harusi suti mpya, tunamwacha na viatu vyake vya shamba.

Marlys Tvedt alikuwa mkuu wa zamu. Kwa sheria, angeweza kupunguza nguvu ya kinu cha nyuklia bila kumwomba mtu ruhusa. Asubuhi moja ya mavuno ya mahindi, mdogo wake Duane, mkaguzi wa mabomba, aliingia chumba cha kuongozea mtambo na kofia ngumu kwapani.

"Dada, kile kibomba cha kutolea maji chini ya bomba kuu la mvuke kinatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Bolti za kishikizo nilizikaza juzijuzi tu. Leo moja nimeiokota sakafuni."

"Kinavuja?"

"Sijaona. Lakini ngoma ikivuma sana hupasuka, bosi. Ulipopunguza nguvu siku ile mkijaribu vali, kilitulia tuli."

Marlys akampigia simu Curtis Radke, meneja. Alijua anachokwenda kusikia. Pale kituoni, mtambo ukikimbia bila kuzimwa tangu kujazwa fueli mpaka kujazwa tena, kila mfanyakazi hupewa jaketi. Jaketi za mwaka ule zilikuwa zimeshafika, zinaning'inia kantini, kila moja na jina kifuani.

"Ukishusha leo, kesho mtataka tuzime ili mkitengeneze," alisema Curtis kwa upole. "Lakini uamuzi ni wako, Marlys. Mimi niko nyuma yako. Nithibitishie tu kwamba kimepasuka."

Hakuamrisha. Watu wa pale hawaamrishani. Wanaulizana kwa adabu mpaka mtu ajifunge kamba mwenyewe. Zamani, aliyetaka kuendelea ndiye aliyepaswa kuthibitisha kwamba pako salama. Sasa aliyetaka kupunguza ndiye aliyebebeshwa mzigo wa kuthibitisha hatari. Na Marlys aliogopa jambo moja zaidi: watasema amemsikiliza Duane kwa sababu ni nduguye.

"Nenda ukakitazame tena," alimwambia. "Niletee ufa."

"Nikuletee ufa? Nikupakulie kwenye sahani?"

"Duane, sina utani. Chukua ufagio."

"Aa, mimi nimebeba ufagio kabla wewe hujapewa hicho kiti."

Mvuke unaochomoka kwa nguvu zile hauonekani kwa macho, nao hukata nyama kama kisu. Ndiyo maana wakaguzi wa mabomba hutembea wakipunga ufagio mbele yao. Ufagio ukikatika, unajua hapo ndipo penye ufa, na unarudi nyuma.

Marlys angeweza kupunguza nguvu kwanza, ndipo amtume. Aliliwaza hilo, na mkono wake ulifika hadi kwenye kitufe. Lakini kibomba kikitulia, ufa nao ungejificha, na Curtis angeuliza tena, kwa upole uleule. Akaurudisha mkono mapajani.

Duane alikuwa ameshafika kule na ufagio wake, sakafu ilipopiga teke. Kengele zikalia zote kwa pamoja, na kinu kikajizima chenyewe, kama kilivyoundwa kufanya. Marlys alinyakua redio.

"Duane! Duane, nijibu!"

Redio ilinguruma tu.

Alifariki kabla gari la wagonjwa halijavuka daraja la mto. Ufagio wake ulikutwa mzima, hata unyasi mmoja haujakatika. Kibomba hakikuwa kimeanza kuvuja kidogo kidogo. Kiling'oka chote kwa mpigo, na yeye amesimama mbele yake.

Baada ya mazishi, watu walipokuwa wakila viazi vya jibini katika ukumbi ulio chini ya kanisa, Curtis alimkabidhi Marlys jaketi yenye jina la Duane. Alikuwa analia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Marlys alimchukia zaidi kwa hilo.

Kikachomelewa kibomba kingine, kinene zaidi. Wakakaa kikao cha kuwasha upya. Kwanza walimkumbuka Duane kwa kimya, kisha Curtis akauliza, "Kuna mwenye sababu ya kutorudi asilimia mia?"

"Nithibitishie wewe kwanza," alisema Marlys. "Nithibitishie kwamba vile vibomba vingine havitang'oka."

"Marlys, una majonzi. Nenda ukapumzike."

"Hujanijibu."

"Hakuna awezaye kuthibitisha jambo kama hilo."

"Mimi uliponitaka nithibitishe, nilimtuma mdogo wangu. Sasa ni zamu yako, Curtis. Ufagio uko kule stoo."

Wote waliinamia vikombe vyao vya kahawa. Curtis alikohoa, akamteua mkuu mwingine wa zamu.

Jioni mwenzake mmoja alimpigia simu kumwambia kwamba wamefika mia. Marlys alikuwa jikoni, jaketi ya Duane iko kwenye kiti cha pili. Aliinua macho akaitazama taa iliyo juu ya meza. Ilikuwa inawaka vilevile kama jana, mtambo ulipokuwa umezimwa.