Mikono ya Kushoto

Ekzosi iliyotoboka ilitangulia. Tuliisikia ikipanda kutoka upande wa barabara, ikinguruma, ikikatika, ikinguruma tena, na Kidato cha Tatu kizima kikanigeukia.

"Mwalimu, ni yeye?" Kibet akauliza.

"Sijui."

Sikujua kweli. Wiki hiyo nzima tulikuwa tumetega masikio tukimsubiri mkaguzi. Jumatatu tulidanganywa na lori la kuni za jikoni. Jumanne ilikuwa gari la maziwa. Jumatano pikipiki iliyoleta chaki. Kila mara nilipangusa ubao, nikaandika tarehe upya na kuanza somo lile lile kutoka mwanzo. Hii ilikuwa Alhamisi. Nilichungulia dirishani nikaona gari dogo jeupe likipita getini, na kwenye kioo chake kibandiko cha chuo chetu.

"Ni yeye," nikasema. "Jamani, kama tulivyokubaliana. Mara ya mwisho."

"Hata jana ulisema mara ya mwisho," mtu akanung'unika kutoka nyuma. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamechoka, na mimi nilikuwa nimechoka kuliko wao.

Nilikuwa mwaka wa nne chuoni, nikisomea Kiingereza na fasihi yake ili niwe mwalimu wa sekondari. Kilichobaki kilikuwa TP, yaani yale mazoezi ya kufundisha ambayo chuo hutuma wakaguzi kuja kuyapima. Nilipangiwa shule ya kutwa huko Munyaka. Mkaguzi wa kwanza alikuja, nikaliacha andalio la somo mezani na kuwakariria wanafunzi mashairi dakika thelathini mfululizo. Aliandika: "Mwalimu anajisikiliza." Wa pili nilibishana naye mbele ya darasa kuhusu vina. Sasa ulibaki ukaguzi mmoja. Nisipopata hamsini, ningerudia muhula mzima wa mazoezi na mahafali ya Desemba yangenipita.

Mashairi nilijifunza peke yangu huko nyumbani Bungoma, kwenye vitabu visivyo na majalada, nikihesabu mizani kwa vidole huku nikikata nyasi za ng'ombe. Sikufundishwa na mtu, kwa hiyo sikuona ni mtu gani angeweza kunisahihisha.

Aliyenilainisha ni Mwalimu Javan, mkuu wa idara ya Kiingereza hapo shuleni, mzee wa sauti ya chini ambaye chai yake hupoa akisahihisha madaftari.

"Mabonga," aliniambia Ijumaa iliyopita, "Kiingereza unacho. Lakini wewe umechoka na mimi nimechoka kukuona umechoka. Fanya kama wote."

"Kama wote vipi, Mzee?"

"Wafundishe somo kabla ya mkaguzi kuja. Kisha waambie kila swali wote wainue mikono. Anayejua jibu, mkono wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Wewe chagua wa kulia tu. Mkaguzi anaona msitu wa mikono, anafurahi, anaenda zake."

"Huo ni uongo."

"Ndiyo. Na mimi hivyo ndivyo nilivyopita."

Mwezi mmoja nyuma ningemhutubia. Siku hiyo nilikuwa na madaftari mia moja thelathini mbele yangu na macho yaliyowasha kwa vumbi la chaki. Nikasema sawa. Niliubakishia moyo wangu kitu kimoja tu: shairi la somo lingekuwa langu mwenyewe. Nililichapa kwa Kiingereza, beti tatu, kuhusu foleni ya malori ya mahindi nje ya ghala la nafaka pale mjini. Chini yake nikaandika kwamba mtunzi hajulikani.

Mkaguzi, Daktari Benta Amolo wa chuo chetu, aliingia, akawasalimu wanafunzi, akapita hadi nyuma kabisa na kuketi kando ya msichana aitwaye Kavetsa. Aliweka fomu yake juu ya goti.

Nikaanza. Somo lilikwenda kama saa ya ukutani. Niliuliza foleni inaashiria nini, mikono arobaini na minne ikapanda, nikamwita Jepchumba, akajibu. Niliuliza ukimya wa madereva una maana gani, mikono ikapanda, nikamwita Kibet, akasema ni uvumilivu. Walijibu kama watu wanaosoma orodha ya majina. Hata pale waliponiuliza swali, lilikuwa swali nililowapa mimi. Mikono ya kushoto sikuiona tena. Kwa siku nne macho yangu yalikuwa yamejifunza kuiruka, kama unavyoruka dimbwi unalolijua.

Kengele ya kipindi cha kwanza ilipolia, Daktari Amolo alisimama.

"Mwalimu, samahani. Mna vipindi viwili mfululizo, sivyo?"

"Ndiyo, Daktari."

"Huyu dada hapa kando yangu ameinua mkono mara kumi na moja. Nimehesabu. Hujamwita hata mara moja." Alisema kwa Kiswahili, polepole. "Na yule wa dirishani. Na yule mwenye sweta iliyochanika begani. Wote mkono wa kushoto."

Darasa zima lilitazama chini.

"Mimi pia nilifanya TP," akasema. "Hiyo mikono ya kushoto ilikuwepo kabla hujazaliwa. Lakini nimefundisha miaka ishirini na sita, na hakuna darasa lililowahi kuniambia waziwazi hivi ni nani hajaelewa. Wamekuinulia mikono kukuonyesha. Unao wangapi?"

Sikujua. Ilibidi niwaombe wainue tena, mbele yake, masikio yakiniwaka moto. Walikuwa kumi na wanane.

"Mwite mmoja," akasema, akaketi.

Nilimwita Kavetsa. Alisimama, akaanza kwa Kiingereza cha kujikwaa, kisha akamtazama Daktari.

"Sema kwa lugha itakayokutoka," Daktari akamwambia.

"Madam, mimi sielewi hao watu wa shairi. Baba yangu ni utingo wa lori. Mwaka jana alikaa kwa hiyo foleni siku nne, mimi nikimpelekea chakula. Hawanyamazi! Wanacheza karata juu ya magunia. Wanamtusi askari wa geti. Kuna mmoja anahubiri na hakuna mtu anamsikiza. Sasa hapa wamekaa kimya wanaangalia mwezi. Kila siku Mwalimu anasema huo ukimya ni uvumilivu. Mimi naandika uvumilivu. Lakini sijui hao ni akina nani."

"Mwandishi hakufika," Kibet akasema. "Aliona tu akipita."

Walicheka, kicheko cha kwanza wiki hiyo. Daktari pia alicheka. Damu ilinipanda kichwani, na jibu kali likanijia ulimini likiwa tayari limenolewa. Kisha nikakumbuka kwamba ni kweli. Niliiona foleni ile jioni moja nikitoka maktaba. Nilipita upande wa pili wa barabara. Sikusimama.

"Mwandishi ni mimi," nikasema.

"Woi!"

"Mwalimu, si ungesema!"

"Basi natoa maneno yangu," Kibet akasema, akijifunika uso kwa daftari.

"Yaache yalipo," nikamwambia. "Kavetsa, huyo mhubiri alikuwa anasema nini?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza siku hiyo ambalo sikuwa na jibu lake. Kavetsa alilijibu akisimama vile vile, akiiga sauti ya mhubiri, na yule wa dirishani akaongeza kwamba mjomba wake wa Ainabkoi alikuwa na trekta kwenye foleni hiyo hiyo na alimtupia mhubiri gunzi. Wenye mkono wa kulia na wenye mkono wa kushoto walianza kukatizana. Mwezi waliufuta. Ubeti wa pili waliuvunja wote. Tulitafuta pamoja maneno ya Kiingereza ya utingo, ya karata, ya tusi ambalo mtu angeweza kuliandika shuleni bila kuitwa ofisini, na walipokosea niliwarekebisha, na nilipokosea mimi walifurahi mno. Andalio langu la somo lilibaki mezani bila kufunguliwa. Vina vilikufa kimoja baada ya kingine. Viliniuma, sitadanganya, lakini nilikuwa nimechoka mno kuvitetea.

Kengele ilipolia nilimsindikiza Daktari Amolo hadi kwenye gari lake. Aliiweka fomu juu ya boneti nitie sahihi.

"Thelathini na nane," akasema kabla sijaangalia.

"Kwa vipindi vyote viwili?"

"Fomu ni ya kipindi kimoja. Cha kwanza."

"Na cha pili?"

"Cha pili nimekiona." Alinikabidhi kalamu. "Hicho hakina fomu, Mabonga. Ningekupa hamsini leo ningekuwa nakuambia kwamba kile cha kwanza ni kufundisha."

Nilitaka kubishana. Nilitafuta hasira yangu mahali inapokaa siku zote nikakuta uchovu umekalia kiti chake. Nikatia sahihi.

"Muhula ujao utarudia," akasema akiingia garini. "Unaweza kuomba shule nyingine. Wengi huomba. Huko hakuna anayejua."

Ekzosi ikanguruma, gari likashuka hadi getini, likapotea. Nilisimama pale nikiiona shule hiyo nyingine. Walimu wapya, chai mpya, darasa ambalo halikunisikia nikihesabu wajinga wangu mbele ya mgeni. Niliitamani kwa mwili wangu wote. Mwalimu Javan alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha walimu na kikombe mkononi. Nilitikisa kichwa. Akaelewa, akarudi ndani.

Nilirudi darasani kuchukua vitabu vyangu. Wengi walikuwa wametoka kwa mapumziko. Kavetsa alikuwa bado kwenye dawati lake, akinakili kutoka ubaoni ule ubeti wa pili jinsi walivyouvunja. Kibet alikuwa karibu na mlango akijifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Mwalimu, umepita?" Kavetsa akauliza.

"Hapana."

Kalamu yake ikasimama. "Ni juu yangu?"

"Ni juu yangu mimi. Wewe ulisema ukweli kwa siku nne, mara kumi na moja kwa siku."

"Leo tu ndiyo kumi na moja," akasema. "Jana zilikuwa kumi na tatu."

Nilikaa kwenye dawati la mbele.

"Sasa utafanya nini?"

"TP inaisha wiki ijayo. Muhula ujao naanza upya."

"Wapi?"

Kibet aliacha kiatu chake. Kavetsa alikuwa ananiangalia moja kwa moja, bila woga.

"Hapa," nikamwambia. "Nitarudi hapa hapa, Kavetsa, kwa darasa hili hili. Na nitaanza na nyinyi kumi na wanane."