Mkono Usiopakwa Kitu

Kipindi cha mwisho, Darubini aliingiza mkono wa kushoto kwenye sanduku la mbu, na mwalimu wa sayansi akatazama saa. Sanduku lilikuwa la mbao, limezungushiwa chandarua, na kwenye tundu la kupitishia mkono palishonewa mkono wa shati la sare ili mbu wasitoroke. Aliyeshona ni mama yake Darubini, fundi wa sare za shule hiyo. Shati lilikuwa la mwanawe wa kati, aliyekufa kwa malaria msimu wa mvua uliopita. Aliyebaki kulirithi alikuwa bado mdogo mno, na mama hakuwa mtu wa kuacha kitambaa kikae bure.

Darubini aliitwa hivyo tangu darasa la pili, kwa tabia yake ya kuchungulia kila kitu kwa jicho moja. Jaribio lake halikuwa na makuu. Alitwanga majani ya mwarobaini, ya mchaichai na ya kivumbasi, kila aina peke yake, akayachemsha, akachuja, akachanganya na mafuta. Siku hii anapaka hili, siku ile anapaka lile, na kila mara anaanza kwa mkono usiopakwa kitu, wa kulinganishia. Kisha wanahesabu mbu wanaotua. Viluwiluwi alivichota mtaroni nyuma ya shule, ambako havikuwa haba.

Mtaro huo ulitiririka vizuri mpaka shule ilipojenga ukuta mpya na kuuziba. Tangu hapo maji yalisimama upande wa nyumba za watu, yakageuka kijani, na kila mvua zikija majeneza madogo yalitoka katika nyumba hizo. Wakazi walikwenda kwa bwana afya mpaka njia ikawajua. Bwana afya aliwakaribisha viti, akawaambia suala lao linashughulikiwa, akawasindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote.

Mbu walitua kwenye mkono usiopakwa kitu. Mmoja aliyekuwa akizunguka karibu na chandarua, usawa wa sikio la Darubini, akasema, "Bado."

Ilikuwa sauti ya mdogo wake. Nyumbani walimwita Bwana Bado, maana umuulize kama ameoga, amefunga mlango, amemaliza kazi ya shule, jibu lilikuwa hilo hilo, analivuta puani kama mtu mwenye mafua. Darubini alimwambia mwalimu kwamba mdogo wake yumo sandukuni. Mwalimu alisogeza sikio, akasikiliza, akakubali kuwa ni yeye. Alimfundisha mwaka mzima na hakuwahi kuletewa daftari kwa wakati.

"Sauti hatupimi," alisema. "Wewe hesabu wanaotua."

Mchaichai uliwasumbua kidogo, kisha wakauzoea. Mwarobaini uliwaudhi, lakini walitua. Siku ya kivumbasi hakutua hata mmoja. Walijibanza kwenye pembe ya mbali, wakanyamaza kama watoto waliofukuzwa jikoni.

Darubini aliandika sifuri, na roho ilimuuma kuiandika. Lakini sifuri hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta tangu mazishi. Nyumbani alikuwa amebaki Kitinda, mtoto wa mwisho, ambaye enzi za uhai wa kaka yake alimfuata kama mkia na kudai kila alichopewa yeye, kwa maneno mawili tu: na mimi. Kaka akipewa ndizi, na mimi. Kaka akichapwa, na mimi. Darubini hakuwa na nguvu za kubomoa ukuta, ila kumpaka mtoto kivumbasi aliweza. Hakutaka kingine duniani zaidi ya Kitinda kuvuka msimu wa mvua.

Wiki hiyo chandarua cha sanduku kilifumuka pembeni, na mama akaja maabara na sindano yake. Alishona mishono michache, akasimama. Kisha akainama.

"Umekula, mwanangu?"

"Bado," likajibu sanduku.

Mama akapandisha mkono wa gauni mpaka begani, akaupitisha kwenye lile shati. Mwalimu, kwa mazoea, akatazama saa. Mbu walitua mpaka ngozi ikapotea, na mama akalia kwa mara ya kwanza tangu wamzike, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Alipoutoa mkono ulikuwa umevimba. Alimwambia Darubini kwamba mtoto alikuwa na njaa, hakuna zaidi.

Habari haikuhitaji miguu. Jua likizama, watu wa nyumba za mtaroni walitoa viti nje, wakakunja nguo na kutega masikio. Miaka yote walikuwa wakiwapiga mbu kabla ya kuwasikiliza. Fundi viatu alimsikia marehemu mkewe akimgombeza kwa kurundika viatu mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alimsikiliza mpaka mwisho. Bibi wa nyumba ya kona aliwatambua wajukuu zake wote, akawagawia, mmoja mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, wasigombane. Vyandarua vilishushwa, vikafunikia miche ya mboga.

Kwenye maonyesho ya sayansi Darubini alipewa cheti. Majaji walisifu usafi wa vipimo vyake, wakaishauri shule ipande kivumbasi. Shule ikapanda, upande wake wa ukuta, mstari mzuri kutoka lango hadi vyoo, na mbu waliokuwa wakiruka kwenda madarasani wakageuza na kurudi majumbani kwa watu. Pia majaji waliandika kwamba mtaro ufunguliwe. Kwa kuwa safari hii waliosema walikuwa wamevaa tai, bwana afya alifika na vibarua wenye nyundo.

Aliwakuta wakazi wamesimama mbele ya ukuta. Hao hao waliomsumbua miaka nenda, miaka rudi. Mama yake Darubini ndiye aliyesema kwa niaba yao.

"Maji yakiondoka, watoto wetu watakwenda wapi?"

Bwana afya alikiri kwamba hilo hakulifikiria. Darubini akapenya katikati ya watu, akawaambia vibarua wabomoe. Msimamizi wao alishusha nyundo, akamtazama kwa upole.

"Wewe una nani humu?"

"Mdogo wangu."

"Sasa?"

Bwana afya aliandika kwamba wananchi wameridhika na hali ilivyo, akawashukuru kwa ushirikiano, akaondoka mwepesi kuliko alivyokuja. Kufa kufaana.

Basi ikabaki kazi ya chupa ya kivumbasi. Kila alasiri Darubini alimpeleka Kitinda nyuma ya nyumba, akampaka kuanzia visigino hadi masikio. Na kila jioni mama aliisikia harufu, akamkalisha mtoto kwenye karai, akamsugua kwa sabuni.

"Mama, hii inafanya kazi. Hakutua hata mmoja."

"Ndiyo hiyo ninayoiogopa. Unataka mwenzio aje akute mlango umefungwa?"

"Kitinda ataumwa, mama."

"Yule ni kaka yake," mama alisema, akimwagia mtoto maji ya mwisho. "Hawezi kumdhuru."

Jirani aliyekuwa akipita alisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Maneno ya kweli kabisa, ila naye alikuwa na mikono wazi hadi mabegani, akiwahi kiti chake.

Mvua zilianza. Kitinda akashikwa na homa, na kabla ya wiki kwisha alizikwa kando ya kaka yake. Mama hakulia sana. Watu walimsifu kwa moyo wake mgumu, naye akawaambia wasiondoke mapema, wasubiri jua lizame.

Lilipozama, mama aliweka cherehani pembeni akakaa kizingitini. Darubini alikuwa nyuma ya nyumba na chupa ya kivumbasi mkononi, maana miguu ilimpeleka huko kwa mazoea.

"Umekula, mwanangu?" mama aliuliza.

"Bado."

"Na mimi," ikasema sauti ya pili, nyembamba zaidi.

Mama akasogea kidogo, akauweka wazi na mkono wa pili.

Darubini aliiweka chupa chini. Alikwenda kwenye karai, akanawa kwa sabuni hadi juu ya viwiko, akasuuza mara mbili na kujifuta kwa kitambaa kisafi, kama mwalimu alivyomfundisha kuandaa mkono wa kulinganishia. Upande wa pili wa ukuta kivumbasi cha shule kilikuwa kimechanua. Akaenda kukaa karibu na mama yake, akanyoosha mkono gizani, na safari hii hakuhesabu wanaotua.