Vidoa Vyeusi kwenye Msonobari

Mama aliliona lile tawi hata kabla hajatua beseni la nguo. Lilikuwa la chini kabisa, kwenye msonobari wa kwanza kati ya ile iliyokinga upepo usije ukang'oa mabati ya nyumba. Ncha yake ilikuwa imekauka kama ufagio uliosahaulika juani.

"Hilo limechomwa na jua tu," alisema mwanawe, mpogoaji wa miti, akishika msumeno. "Mama, wewe hata kuku akipiga chafya unataka daktari."

"Na wewe hata nyumba ikiungua utasema ni joto."

Akacheka, akakata. Kawaida yake ilikuwa kuanza na mti mbaya, amalize kero mapema, kisha aendelee na mizuri kwa raha zake.

Mama aliliokota tawi, akaligeuza. Kama ni jua, mbona matawi ya pembeni yalikuwa kijani kibichi? Majani ya ncha hii, yale membamba kama sindano, yalikuwa yamedumaa, na utomvu umeganda kwenye gome kama gundi. Akachomoa jani moja. Pale lilipoota, ndani ya kigamba chake, palikuwa na vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Akapitisha kidole, vikakwaruza. Alishaviona kwenye kitalu alikowahi kufanya kibarua; miche ilikwisha yote.

"Mwanangu, simama hapo hapo!"

Alikuwa juu ya ngazi, msumeno umeshauma tawi la mti wa pili.

"Nini tena?"

"Kuvu hii. Shuka uguse."

Alishuka na utani mdomoni, lakini alipogusa, utani ukamwishia. Akautazama msumeno, meno yametapakaa utomvu.

"Kumbe nimeutoa ugonjwa huku nikaupeleka kule, kwa mkono wangu mwenyewe."

"Hatujui bado. Futa kwanza."

Wakaufuta kwa spiriti. Kijana akaliondoa lote lile tawi alilolijeruhi, akafuta tena. Mti mgonjwa akauacha uwe wa mwisho. Matawi yaliyokatwa na koni zilizodondoka, yale matunda magumu ya msonobari, wakavichoma mbali, maana kuvu hujificha humo ikingoja mvua.

Mvua zilipopita, mama alizunguka akigeuza ncha moja moja. Mti wa kwanza umebaki na upara upande mmoja. Wa pili umechipua, ila kuna ncha inayoelekea kuwa kahawia, na mama hana raha nayo. Nawe mwenye misonobari, usingoje tawi zima likauke. Chomoa jani, utazame linapoota.