Nyumba Iliyolalia Gia

Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, Dada aliingia kwenye gari lake, akaliwasha, akakanyaga breki na kuvuta mkono wa gia kutoka P. Haukutoka. Akauvuta kwa mikono miwili, ukabaki palepale. Kwenye buti kulikuwa na sanduku moja, makoti mawili meupe ya maabara na birika la umeme. Kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na barua ya kazi: mkuu wa maabara, hospitali kubwa, mji wa mbali, mwendo wa siku nzima. Aripoti Jumatatu saa mbili kamili. Asipofika, nafasi apewe anayemfuata. Dada alikuwa na miaka arobaini na tatu, na barua ya namna hiyo alikuwa akiingoja tangu ana thelathini.

Gia kukwama halikuwa jambo geni. Nyumba yao ilikuwa kwenye mteremko mkali, na kwa miaka kumi na moja, tangu baba yao afariki, aliliegesha gari chini ya ukuta wa sebule, pua imeelekea bondeni, mgongo umeelekea nyumbani. Kila asubuhi gia ilitoka kwa kishindo kama mlango uliopigwa teke, naye akaenda zake kupima damu na mikojo ya watu. Leo hata kishindo hakikutoka.

Fundi makanika alikuja kwa miguu, begi la spana begani. Akajipenyeza chini ya gari na kukaa huko muda mrefu kuliko ilivyompendeza mtu yeyote.

"Dada yangu, jioni ukifika unaanza na nini?" aliuliza kutoka chini. "P au breki ya mkono?"

"P."

"Halafu unavuta breki ya mkono?"

"Halafu nashuka. Nakuwa nimechoka."

Fundi akatoka, akajifuta mikono na kueleza taratibu. Ndani ya giaboksi kuna kijino cha chuma kisichozidi kidole gumba. Ukitia P, kijino hicho kinadumbukia kwenye gurudumu la meno na kulizuia lisizunguke. Kwenye tambarare hakipati taabu. Kwenye mteremko, usipovuta breki ya mkono kwanza, uzito wote unakilalia, kinabanwa, na gia haina pa kuchomokea. Ilitakiwa akanyage breki, atie N, avute breki ya mkono, aachie mguu gari litulie, ndipo atie P.

"Ila gari lenyewe ni jepesi," akaongeza. "Huu si uzito wa gari, ni wa nyumba. Imelalia bampa."

Dada akatazama nyuma. Kweli, ukuta wa sebule ulikuwa umegusana na bampa, hata karatasi isingepita. Hakuna aliyeshangaa. Familia nzima ilijua kwamba nyumba imekuwa ikiteremka kidole kimoja kila mwezi tangu msiba; bomba la maji lililokuwa nje sasa lilikuwa jikoni, jambo lililompunguzia Mama safari za ndoo. Mchana, Dada akiwa kazini, nyumba ilijishikilia yenyewe, maana ilijua atarudi.

"Imesikia habari za barua," fundi alisema.

Walianza na breki ya mkono. Dada aliivuta mara moja, waya ukakatika kwa kutu ya miaka kumi na moja ya kutotumika. Fundi alikuwa na waya mpya gereji, lakini waya haufungwi mlimani. Sharti gari lishuke tambarare. Wakaweka jiwe mbele ya gurudumu, likasagika kama biskuti. Wakaweka la pili, likafuata la kwanza.

"Basi shikilia breki kwa mguu," fundi alisema. "Hicho kijino kimekwisha. Kikiachwa peke yake hakifiki jioni."

Mama alitoka na kiti akaketi kivulini. Mdogo wa kiume wa Dada naye akatoka, yule ambaye mtaa mzima unamwita Bosi ingawa hajawahi kuajiri wala kuajiriwa.

"Mama, nina barua," Dada alisema kupitia dirishani.

"Najua, mwanangu. Nimeisoma mara mbili. Nimefurahi mpaka nikalia."

"Basi?"

"Basi nyumba ituangukie?"

Dada aliomba Bosi akae kwenye breki angalau mpaka wapate mtu wa kumlipa. Bosi alikuwa na leseni; alikuwa ameipiga picha na kuitundika sebuleni. Akaingia, akakanyaga. Dada akaenda kunawa uso. Kabla hajafunga bomba, nyumba ilishuka shubiri nzima na kabati la vyombo likamwaga sahani zote sakafuni. Simu ya Bosi ilikuwa imeita, naye hupokea simu akiwa amesimama.

"Mnaona?" Mama alisema, akiokota vigae. "Si kazi ya kila mtu."

Dada alirudi kwenye kiti. Alikuwa na hasira, hasira kavu ya mtu aliyechoka, na chini ya hasira hiyo aliona aibu kwa kuwa nayo. Fundi akachukua begi lake akaaga, akasema wakishafika tambarare wamwite wakati wowote.

Jumapili mchana, watu wote wakiwa wamejilaza baada ya chakula, Dada, bado yuko kwenye breki, aliinua mguu kidogo, unene wa sarafu. Alitaka kujua tu. Ukuta ukagumia nyuma yake, na ndani akasikia kitanda cha Mama kikiteleza sakafuni, kisha sauti ya Mama, bila woga wowote, kama mtu anayeuliza saa: "Mwanangu, upo?"

"Nipo, Mama," Dada alijibu, akarudisha mguu.

Jumatatu saa mbili na robo simu ikaita. Karani wa hospitali alikuwa mstaarabu. Alisema wamesubiri robo saa, na anayemfuata yupo hapo mapokezi, tayari amevaa koti. Dada akasema sawa. Akamwambia pia kwamba mashine ya kuzungushia damu isiwekwe karibu na dirisha, maana jua huiharibu, na karani akamshukuru, akaandika.

Mama alimletea uji na mto wa sebuleni, ule mzuri wa wageni, akaupachika mgongoni mwake. Jirani aliyepita alisema mtaa huu haujapata kuona mtoto wa namna hii. Mama alisema ni kweli.

Alasiri lori la matofali likapanda mlima na kusimama upande wa juu wa nyumba. Bosi alizunguka akainama dirishani, penseli sikioni.

"Dada, nyumba haijatingishika tangu jana. Fundi wa ujenzi anasema sasa inabeba ghorofa. Tunaongeza vyumba viwili juu. Kimoja chako."

"Nitalala humo saa ngapi?"

Bosi alilifikiria swali hilo kwa dhati. "Ukishashuka kwenye gari," alisema, akaenda kuwaonyesha vibarua pa kuanzia.

Tofali la kwanza likapandishwa. Dada alilisikia kwenye kifundo cha mguu, akakanyaga zaidi.