Makofi ya Bustanini

Sukari haina adabu. Haikujali kwamba Firdausi ndiye mkuu wa nyumba ya mahijra, wale waliozaliwa wanaume wakaishi kike na kubariki harusi na watoto kwa malipo, katika mji mkongwe wa Bhopal, India, wala kwamba aliwahi kucheza harusini mpaka bibi harusi akasahauliwa. Ilipanda tu, nyayo zikafa ganzi. Daktari hakumung'unya maneno: fanya mazoezi kila siku, la sivyo mguu utakatwa.

Akaanza kuzunguka uani. Bijli, mwanafunzi wake, akacheka.

"Mama, unazunguka kama ng'ombe wa kinu! Twende bustanini."

"Bustanini watu wakituona wanatimua mbio. Wao ndio watakaofanya mazoezi, si mimi."

Hata hivyo alfajiri moja wakaenda. Njiani Firdausi alionya, "Leo hatubariki mtu, hatuombi kitu. Na lile kofi letu usilipige!"

Wakakuta wazee wamejipanga mbele ya Bwana Tiwari, mwalimu mstaafu wa michezo, mtu mkali kama pilipili mbichi. Wakajibanza mstari wa nyuma.

"Makofi! Damu itembee!" alifoka Tiwari.

Firdausi akavikunja vidole, akapiga kistaarabu kama wenzake. Pa, pa. Mwili ukapata moto, ganzi ikaanza kulegea, raha ikamwingia. Hapo akajisahau. Vidole vikatanuka, viganja vikakutana bapa kwa bapa, na kofi la hijra, lile la kudai zawadi mlangoni kwenye sherehe za watu, likapasua bustani nzima. Kunguru wakaruka.

Wote wakageuka. Bwana mmoja mnene, bila hata kufikiri, akatoa noti mfukoni na kumnyooshea ili aende zake. Bibi mmoja akainamisha kichwa. "Mbariki mjukuu wangu, mama. Ana mwezi mmoja."

Firdausi alitamani ardhi immeze. Alikuwa amekuja kwa ajili ya miguu yake tu, na hata hiyo hawakuiona.

"Rudisha hela yako, kaka," alisema. "Leo nimefuata jasho. Nawe dada, mjukuu nitakuja kumbariki nyumbani kwako. Sasa hivi hii miguu ndiyo inayotaka baraka."

Bijli akamshika mkono. "Twende zetu, Mama."

Firdausi alikwisha kugeuka.

"Nani kawaambia mpumzike?" Tiwari alinguruma. "Wewe na noti yako, hapa si sokoni! Na wewe dada wa shali ya kijani, unakwenda wapi? Kofi lako zuri, lakini goti limelala! Nyanyua!"

Firdausi alitazama nyuma yake, kumbe shali ya kijani ni yake peke yake. Maishani alikuwa ametukanwa kwa kila kitu ambacho mtu anaweza kutukaniwa. Kugombezwa kwa uvivu wa goti, kama dada yeyote yule, hajapata. Machozi yakamlenga.

"Nyanyua, nimesema!"

Akalinyanyua.