Cherehani Namba Kumi na Moja

Siku ya kumaliza mafunzo ya ushonaji katika kambi ya Kashuga, cherehani kumi na mbili za kukanyaga zilishushwa kwenye gari, zikapangwa uwanjani, na wanawake kumi na wawili wakaketi nyuma yake kupigwa picha. Constance alipata namba kumi na moja. Miezi sita alikuwa amejifunza kwa kupokezana na wenzake cherehani moja mbovu, kwa ahadi kwamba kila atakayemaliza ataondoka na yake. Shamba lake la maharagwe lilikuwa limebaki upande wa wenye bunduki, na cherehani hiyo ndiyo ingelisha watoto wake watatu. Picha zilipokwisha, Faustin, mkuu wa mafunzo, aliwapigia makofi, akawagawia vyeti, akapakia cherehani zote na kurudi Goma.

Constance hakulia. Kesho yake asubuhi aliketi kwenye kigoda mbele ya hema lake, akaanza kukanyaga vumbi, kisigino, vidole, kisigino, vidole, kama alivyofundishwa. Hasira ilimpa mwendo mzuri.

Jumamosi, jirani yake Rosalie, anayepeleka maharagwe Goma, alirudi na habari.

"Mama Constance, mashini yako niliiona, ile ya namba kumi na moja. Iko mu atelie ya Olga, muke wa Faustin. Inajishona yenyewe toka asubui. Olga anaiwekeaka tu kitambaa cha kikwembe, anashukuru Mungu."

"Inapumuzikaka saa ngapi?"

"Saa sita."

Saa sita ndipo Constance alipokuwa akisimama kupika.

"Kumbe niko namutumikia bure," akasema.

Jumatatu alikanyaga kwa kusudi. Huko Goma mifuko ya makoti ya wateja ikashonwa ikafungwa. Jumanne ikawa mikono ya mashati, Jumatano suruali ya bwana harusi. Olga akamwita mumewe. Faustin akainama kuangalia sindano ina nini, na Constance, ambaye wakati huohuo alikuwa akimlaani kwa jina, akakaza mguu. Sindano ikamshona midomo pembe hadi pembe, mshono wa mara mbili, umenyooka kabisa. Hospitalini walikata uzi asubuhi. Constance akakanyaga, uzi ukarudi. Wakampa mrija wa kunywea uji, wakamruhusu aende nyumbani.

Rosalie alipomletea habari hizo, Constance alifurahi, tusifiche. Alicheka peke yake mpaka mbavu zikamuuma. Kisha akafagia kona ya hema, akatandika gunia, akangoja aletewe cherehani yake. Mwezi ukapita.

"Faustin wamemupandisha," Rosalie akamwambia siku ya soko. "Sasa yeye njo mukubwa wa mafunzo ya Masisi na Walikale yote. Wakubwa wake wanasema ni muntu wa heshima, habishanake mu reunion, kila mukutano anaikala tu kimya. Kesho anaenda Pinga na pikipiki, kufungua formasio ingine ya kushona."

"Na mashini?"

"Zote ziko palepale. Ile yako wameifunga munyororo ku ukuta."

Constance akavuta kigoda chake, akaketi. Watoto walikuwa wakimenya mihogo nyuma ya hema.

"Kama hasemi, anatumikaka namna gani?"

"Anasainiaka tu. Kila kitu anasaini."

"Na mukono gani?"

"Wa kuume," akasema Rosalie, na akasogeza kikapu chake pembeni ili Constance apate nafasi ya mguu.