Chukua, Mola, Chukua

Woga wangu mimi siufichi. Kila Alhamisi, kwenye zikri yetu ya wanawake, mwanangu Sikuzani ndiye aliyetunga mashairi, na mimi ndimi niliyeongoza waitikiaji. Dua isiyoitikiwa, kwetu, haijafika popote. Sasa siku moja, mimba yake imekwisha kuwa kubwa, akaja na hili:

Mpenzi u mlangoni,
hodi yako naijua;
sina changu mkononi,
ndiwe wa kunichukua.

Nasi ati tuitikie: "Chukua, Mola, chukua!"

Astaghafirullah! Nikafumba mdomo, na wenzangu wote wakafumba. Sikuzani akacheka. "Mama na woga wako! Hayo ni mapenzi, si kifo."

"Mdomo huponza kichwa," nikamwambia. "Mola hatanii. Tunga jingine."

Akanuna, hakutunga.

Mwaka huo Operesheni ya serikali ya kuhamisha watu ilikuwa imetutoa Kwihara na kutuleta kijiji kipya, porini, mbali na hospitali ya mjini. Uchungu ulimshika asubuhi, na lori la kijiji lilikuwa limekwenda Igalula kufuata mahindi. Tukabaki na mkunga, jirani yetu Pelagia, Mkatoliki. Hadi alasiri mtoto hajashuka. Pelagia akaacha kunitazama usoni. Hapo nikakaa chini.

Sikuzani akaanza, sauti imemkauka: "Mpenzi u mlangoni..."

Nikamziba mdomo kwa kiganja. Akakiondoa.

"Itikia, mama. Naogopa peke yangu."

"Sitaki! Sikutoi mimi!"

"We mama!" Pelagia akanifokea. "Huoni akiimba ndipo anaposukuma? Mwitikie mwenzio!"

Basi nikaitikia. Kila niliposema "chukua" nilimkaza kifundo cha mkono, huku moyoni namwambia Mola asinisikie. Akaimba, nikaitikia, akasukuma. Pelagia naye, na rozari yake shingoni, akaitikia pamoja nami.

Mtoto akalia. Sikuzani kimya.

Nikamwita. Kimya. Macho ameyafumba, midomo imekuwa myeupe. Nikasema moyoni, nimemtoa mwanangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Mama," akanong'ona, "unaniumiza mkono."

"Vumilia," nikamwambia.

Sikumwachia hadi lori liliporudi.